Hamisha, hamishia, nakili, sawazisha: vitenzi vinne vya kuangaliwa kabla ya kugusa folda

Wanafunzi wa tafsiri huuliza mara kwa mara iwapo ipo tofauti ya maana kati ya kuhamisha faili na kulihamishia mahali fulani, na iwapo kusawazisha ni jina jingine tu la kuhifadhi. Tofauti ipo, na haimhusu mtunga kamusi peke yake. Mimi niliilipia kwa ujumbe wa maneno manane nilioutuma Ujiji.

Kisa chenyewe

Nilikuwa nikikusanya masimulizi ya wazee wa Ujiji kuhusu uvuvi na biashara ya ziwani. Msaidizi wangu, kijana wa hukohuko, alikuwa akirekodi na kuziweka rekodi katika folda iliyosawazishwa na wingu, nami nikizisikiliza kwenye kompyuta yangu chuoni. Siku moja aliniandikia: "Shikamoo Mwalimu. Kompyuta imejaa, haipokei tena rekodi." Nikamjibu: "Marahaba. Hamisha rekodi zote kwenye diski ya nje."

Alitii. Alizikata rekodi kutoka folda ile, akazibandika kwenye diski, na jioni akaniarifu: "Tayari Mwalimu, nimehamisha zote." Programu ya usawazishaji iliona kwamba rekodi zimeondoka katika folda yake, ikaziondoa kwenye wingu, kisha ikaziondoa kwenye kompyuta yangu. Nilikuwa katika msimu wa kusahihisha mitihani, nisiifungue folda ile kwa wiki kadhaa. Nilipoifungua, muda wa tupio la wingu ulikuwa umekwisha, na diski ya nje ilikuwa imeanguka na kuharibika. Kati ya rekodi 14, tuliokoa 9 zilizosalia kwenye kadi ya kinasa sauti. Tano zilipotea, na mmoja wa wazee waliosimulia katika hizo tano alikuwa amekwisha kufariki.

Kijana hakukosea. Alitenda kile hasa ambacho kitenzi hamisha kinaagiza. Aliyekosea ni mimi, niliyekusudia nakili nikaandika hamisha.

Hama na vizalia vyake

Mzizi ni hama, yaani kuondoka mahali na kwenda kukaa kwingine. Jina la mahali likifuata moja kwa moja, hutaja kule kunakoachwa. Tukiongeza kiambishi cha kutendea tunapata hamia, na hapo jina la mahali hutaja kule kunakoendewa. Historia ya Ujiji inatupa mfano mzuri.

Katika karne ya 19, Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, na ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1870, maji ya Ziwa Tanganyika yalipozidi kutokea kwa mto Lukuga upande wa magharibi, kina cha ziwa kilishuka na ufuko wa Ujiji ukasogea mbali na mji. Reli iliyotoka Dar es Salaam ilipofika ziwani mwaka 1914, ilifikia Kigoma, penye bandari ya kina kirefu, kilomita chache kutoka Ujiji. Kwa hiyo:

• Shughuli za bandari zilihama Ujiji. (Ujiji ndiko zilikotoka.)
• Shughuli za bandari zilihamia Kigoma. (Kigoma ndiko zilikokwenda.)

Sasa tutie kiambishi cha kusababisha, tupate hamisha. Hiki huhitaji yambwa, yaani kitu kinachohamishwa, lakini chenyewe hakisemi kitu hicho kinaelekea wapi. Sentensi "Mfanyabiashara alihamisha bidhaa Ujiji" ina utata: msikilizaji mmoja ataelewa kwamba zilitolewa Ujiji, mwingine kwamba zilipelekwa huko. Kwa hamishia, chenye viambishi vyote viwili, utata huondoka: "Mfanyabiashara alihamishia bidhaa Ujiji" ina maana moja tu.

Utata huo huongezeka katika lugha ya kompyuta kwa sababu ya neno kwenye. Kwenye, katika na kiambishi -ni hutaja mahali bila kutaja mwelekeo. Aliyetoka sokoni na aliyekwenda sokoni wote wametajiwa soko kwa umbo lilelile, na kitenzi ndicho kinachobeba mwelekeo. Agizo "Hamisha mafaili kwenye folda ya zamani" laweza kumaanisha kuyatoa humo au kuyatia humo. Mtafsiri wa maelekezo ya programu asiandike hivyo. Aandike "Hamisha mafaili kutoka folda ya zamani" au "Hamishia mafaili katika folda ya zamani". Vivyo hivyo, kitufe kinachosubiri mtumiaji achague mahali pa kufikia kinafaa kuandikwa Hamishia, si Hamisha.

Nakili

Nakili limetokana na Kiarabu, ambako mzizi wake una maana ya kusafirisha au kuhamisha, na pia ya kunukuu maandishi. Kiswahili kilichukua upande wa pili peke yake. Kwetu sisi, anayenakili huacha asili mahali pake na kupata nakala ya pili. Basi hamisha hubakiza faili moja mahali papya, na nakili hubakiza mafaili mawili, moja huku na moja kule.

Walimu wawatahadharishe wanafunzi kwamba mkono haufuati mpaka huo. Katika Windows, ukikokota faili kwa kipanya kutoka folda moja hadi nyingine ndani ya diski ileile, faili huhamishwa. Ukilikokota kwenda diski nyingine, hunakiliwa. Kitendo cha mkono ni kimoja, matokeo ni mawili. Ndiyo sababu maelekezo yaliyoandikwa "kokota faili hadi kwenye diski ya nje" hayatoshi: msomaji aambiwe pia kinachotarajiwa kubaki kule faili lilikotoka. Kata na bandika havina utata huo, kwani kilichokatwa huondoka pale kilipokuwa.

Sawazisha si hifadhi

Kwa dhana ya kufanya yaliyomo katika kompyuta na yaliyomo kwenye wingu yawe sawa, watafsiri wengine hutumia sawazisha, wengine landanisha. Yote mawili yanakubalika, mradi matini moja isichanganye. Binafsi napendelea sawazisha kwa sababu maana yake ya kawaida inafundisha. Anayesawazisha ardhi hujaza penye shimo na kuchonga penye kichuguu. Usawazishaji wa mafaili nao huongeza na kupunguza: faili likiongezwa upande mmoja huongezwa upande wa pili, na likiondolewa upande mmoja huondolewa upande wa pili.

Hifadhi ina maana nyingine, nayo ni kutunza kitu kisipotee. Anayesema "kazi yangu imehifadhiwa kwenye wingu" ilhali anachofanya ni kusawazisha tu amejipa uhakika asio nao. Kwa nakala inayowekwa kando ili itumike asili ikipotea, tunalo neno nakala rudufu, na baadhi ya watafsiri hutumia chelezo. Hili la pili linatokana na elea, na kwa watu wa pwani na wa ziwani hutaja kitu kinachoelea majini au kinachosaidia kingine kuelea. Folda iliyosawazishwa pekee si chelezo.

Namna ya kuihamishia folda mahali papya

Tuseme basi kwamba folda iliyosawazishwa inajaza diski ya kwanza ya kompyuta, na mtumiaji anataka kuihamishia diski ya pili. Programu ya usawazishaji huikumbuka folda kwa njia yake, yaani mfuatano wa majina kuanzia diski hadi folda yenyewe. Folda ikiondolewa bila programu kuarifiwa, programu itaitafuta penye njia ya zamani na kuikosa. Utaratibu salama ni huu:

1. Subiri usawazishaji ukamilike, na uhakikishe kwamba mafaili yamepakuliwa kikamilifu. Huduma nyingi huonyesha jina la faili ilhali maudhui yake yamo kwenye wingu tu.

2. Nakili folda nzima katika diski ya nje. Hapa kitenzi ni nakili, na hiyo ndiyo nakala rudufu.

3. Iarifu programu. Katika Dropbox, mipangilio ya programu yenyewe ina sehemu ya kubadilisha mahali pa folda, nayo huyahamishia mafaili huko. Katika OneDrive, tenganisha kwanza akaunti na kompyuta, hamishia folda mahali papya, kisha unganisha akaunti tena na uchague folda hiyo unapoulizwa mahali. Katika Google Drive, mahali pa folda hubadilishwa katika mipangilio, iwapo umechagua mafaili yote yakae pia kwenye kompyuta.

4. Linganisha idadi ya mafaili ya folda mpya na ya nakala rudufu. Fungua machache uyasikilize au uyasome.

5. Futa nakala rudufu siku nyingine, si siku hiyo. Likitokea kosa, angalia tupio la wingu mapema. Google Drive, kwa mfano, hufuta kabisa kilichokaa humo siku 30.

Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa zaidi, na kosa la lugha huchangia. Mtu akiambiwa "hamisha folda", ataikata na kuibandika. Akiambiwa "badilisha mahali pa folda katika programu, kisha uihamishie huko", ataelewa kwamba kazi ni mbili.

Mapendekezo ya matumizi

• Badala ya "Hamisha rekodi kwenye diski ya nje", ukikusudia asili zibaki, andika: "Nakili rekodi katika diski ya nje, usizifute katika folda ya wingu."
• Badala ya "Hamisha folda kwenye D", andika: "Hamishia folda katika diski D."
• Badala ya "Mafaili yamehifadhiwa kwenye wingu", ukizungumzia folda iliyounganishwa, andika: "Mafaili yamesawazishwa na wingu."
• Kwa ngeli, faili hutumiwa na wengine kama li-/ya- (faili limefutwa, mafaili yamefutwa) na wengine kama i-/zi- (faili imefutwa, faili zimefutwa). Folda huelekea i-/zi-. Chagua mfumo mmoja na uufuate hadi mwisho wa matini.
• Kwenye wingu huleta maana ya kompyuta vizuri zaidi kuliko mawinguni, umbo linalompeleka msomaji angani.

Msaidizi wangu bado anarekodi Ujiji. Tumekubaliana kwamba katika mawasiliano yetu neno hamisha halitumiki peke yake. Nikiandika nakili, hunijibu kwa idadi mbili, ya asili na ya nakala. Nikiandika hamishia, huniuliza kwanza: "Mwalimu, kutoka wapi?" Nami hujibu kabla hajagusa kitu.