Baina ya boti na gari ya moshi

Pemba hapajapata kuwa na reli. Wenzetu wa Unguja waliionja ile ya Bububu, iliyoanza mwaka 1905 na kufa kabisa mwaka 1928. Sisi ni watu wa boti. Lakini tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata, watu wetu wanaokwenda bara kwa mambo ya masomo, matibabu na serikali wananiuliza: ukishuka botini, hiyo stesheni iko wapi?

Iko karibu. Tatizo ni kwamba Dar es Salaam zipo stesheni tatu. Ya kwanza ni ya reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905 wakafika Kigoma 1914. Njia yake ina upana wa mita moja. Ya pili ni hii mpya, jirani na hiyo ya zamani. Njia yake ina upana wa milimita 1,435, hivyo treni ya huku haiwezi kupita kule. Ya tatu ni ya TAZARA, reli ya Zambia iliyojengwa kwa msaada wa China, nayo iko mbali, Barabara ya Nyerere. Jirani yangu mmoja alimwambia dereva wa teksi "stesheni" tu, akapelekwa TAZARA. Alilipa nauli mara mbili, na treni ya Dodoma hakuiwahi. Sema "SGR", utafahamika.

Na kama huna mzigo mzito, teksi ya nini? Kwa miguu haifiki nusu saa. Ukitoka lango la boti za Zanzibar, mbele yako ni kanisa la Mtakatifu Joseph, lililokamilika mwaka 1902. Shika mkono wa kushoto, Barabara ya Sokoine. Hapo karibu utaiona Boma la Kale, nyumba ya mawe ya matumbawe. Isimame uitazame. Aliijenga Sayyid Majid, Sultani wa Zanzibar, katika miaka ya 1860, alipotaka kuufanya mji huu bandari yake. Wengi wetu huipita mbio bila kujua kuwa ni ya kwetu.

Mbele zaidi, karibu na stesheni, upo mnara wa saa, ukumbusho wa Dar es Salaam kuwa jiji mwaka 1961. Ukiwa na saa mbili za ziada, kutoka hapo fuata Mtaa wa Uhuru, upite Mnazi Mmoja mpaka Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Bei za Kariakoo hupatanwa, na kupatana huko hula wakati. Tiketi na kitambulisho viweke mfuko wa ndani, na uwe stesheni mapema, maana abiria na mizigo hukaguliwa kwanza kama uwanja wa ndege.