Pikapu Ikigoma Asubuhi, Isikilize Kabla ya Kununua Kifaa

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai kuna asubuhi unakuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa barafu. Hizo ndizo asubuhi za pikapu za dizeli kugoma. Yangu ni Hilux ya zamani yenye injini ya 3L, ya lita 2.8, na kazi yake ni kushusha viazi Makambako. Mnunuzi wa viazi hana habari na baridi ya kwetu.

Gari likigoma, wengi hukimbilia dukani: leo betri, kesho stata, keshokutwa plagi. Pesa inaisha na gari liko palepale. Mimi naweka gia huru, navuta breki ya mkono, nawasha taa ya ndani, kisha napiga stata mara moja huku masikio yako kwenye injini na macho yako kwenye taa.

Ikilia "ta!" moja na injini isizunguke, taa ndiyo itakayosema. Ikififia au kuzimika kabisa, umeme haufiki wa kutosha. Usiilaumu betri bado. Shika vichwa vyake uvitikise. Kikicheza, au kikiwa na unga mweupe au wa kijani, kifungue kwa spana namba 10, anza na hasi, kioshe kwa maji ya moto yenye magadi, kikwangue ing'ae, kikaze. Ukiwa na mita, betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12 tu, chaji iliyobaki ni ndogo, na baridi inaipunguzia nguvu zaidi.

Waya wa ethi nao husahaulika, ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye injini. Kwa nje unaonekana mzima, ndani umeoza. Chukua waya mmoja wa kushtulia, unganisha hasi ya betri na chuma kitupu cha injini, piga stata. Injini ikizunguka vizuri, ugonjwa umeshaupata, na dawa yake ni waya mpya.

Lakini taa ikibaki inawaka vizuri na stata inalia "ta!" tu, halafu ukijaribu tena na tena siku moja inakubali, hapo ni kwenye solenoidi ya stata. Ndani yake mna vipande viwili vya shaba vinavyopitisha umeme mkubwa, na kila unapowasha gari vinaungua kidogo. Baada ya miaka vinakuwa vimelika upande mmoja. Fundi umeme hodari huvibadilisha peke yake, pamoja na kuangalia kaboni, kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na stata nzima. Kama gari lilifungwa alamu ya dukani, aangalie na nyaya zake, kwa sababu nyingi hukata njia ya stata.

Sasa injini inazunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haiwaki. Toka nje uangalie ekzosi huku mwenzako anapiga stata. Moshi mweupe ukitoka, dizeli inaingia ila haiungui. Injini ya dizeli haina cheche. Inabana hewa mpaka ipate moto wa kuunguza mafuta, na kwenye baridi hewa hiyo inahitaji plagi za kupasha joto. Ndiyo maana gari linalowaka bila shida Dar es Salaam likifika huku linageuka kuwa mgonjwa: plagi zilikufa zamani, joto la pwani likawaficha wenyewe. Wala usiiamini taa ya plagi kwenye dashibodi, maana inazimika kwa kuhesabu muda tu, plagi ziwe nzima ziwe zimekufa. Fungua ule ukanda wa chuma unaoziunganisha zote nne, kisha unganisha testa ya balbu na chanya ya betri, na ncha yake iguse kichwa cha plagi moja baada ya nyingine. Isiyowasha balbu imekufa.

Kuna wanaotia petroli kwenye njia ya hewa ili "kuiamsha". Wakatalie. Petroli ikikutana na plagi zenye moto inaweza kulipuka kabla ya wakati na kuvunja pistoni, au kukuunguza uso.

Moshi usipotoka kabisa, dizeli haifiki. Juu ya filta kuna pampu ya mkono. Ibonyeze mpaka iwe ngumu, ujaribu tena. Gari likiwaka hapohapo, na likarudia kugoma kila linapolala, mfumo unaingiza upepo: kagua mipira ya mafuta na hiyo pampu yenyewe. Legeza pia koki iliyo chini ya filta, mwaga maji yaliyojikusanya, hasa kama umenunua dizeli ya madumu. Pampu kuu nayo ina vali ndogo ya umeme inayofungua njia ya mafuta. Ukifungulia ufunguo bila kupiga stata, inapaswa kulia "tik". Isipolia, anza na waya wake. Vali hiyo ndiyo sababu betri ikifa kabisa kusukuma hakusaidii. Mtasukuma mpaka Makambako.

Ukishindwa, nenda kwa fundi ukiwa na maelezo: ililia "ta" au ilizunguka, taa ilififia au haikufifia, moshi ulitoka au haukutoka. Na fundi atakayekuuzia stata nzima kabla hajaifungua ile ya zamani ukaona vipande vya shaba kwa macho yako, mwachie stata yake, tafuta mwingine.