Wiki ya Afya: Namna Jamii ya Singida Inavyoweza Kuandika na Kutunza Maarifa Yake kwa Pamoja

Taarifa za afya hazikosekani mkoani Singida. Tatizo ni kwamba zimetawanyika. Majibu ya vipimo vya maji ya kisima yamo katika jalada la ofisi ya maji. Ratiba ya kliniki ya mkoba imebandikwa mlangoni mwa zahanati. Jina la dereva anayekubali kumbeba mjamzito usiku analijua mhudumu mmoja tu wa afya ngazi ya jamii, naye akihama kijiji, taarifa hiyo inahama pamoja naye. Makala hii inaeleza chombo kinachoweza kuziweka taarifa za namna hiyo mahali pamoja, manufaa yake na hatari zake.

Wiki ni nini?

Neno hili lisichanganywe na wiki ya siku saba. Asili yake ni lugha ya Hawaii, ambamo wiki maana yake ni haraka. Mwaka 1995 Mmarekani Ward Cunningham alitengeneza programu iliyomwezesha msomaji wa ukurasa wa intaneti kuurekebisha papo hapo. Mambo matatu huitofautisha wiki na kitabu au kipeperushi. Kwanza, wengi huandika ukurasa mmoja. Pili, kila badiliko huhifadhiwa pamoja na jina la mtumiaji aliyelifanya na saa alipolifanya. Tatu, kosa likigundulika, ukurasa hurudishwa ulivyokuwa kwa dakika moja.

Kiswahili si kigeni katika kazi hii. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza. Katika tiba, mwaka 2014 makala ya Wikipedia kuhusu homa ya dengi ilipitiwa na wataalamu na kuchapishwa katika jarida la Open Medicine, dalili kwamba maandishi ya wengi yanaweza kufikia kiwango cha kitaaluma iwapo yatasimamiwa.

Mfano wa kwanza: maji ya kisima

Singida ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambayo maji yake ya ardhini yana floraidi nyingi katika baadhi ya maeneo. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yenye kiwango cha juu wakati meno yake ya ukubwani yanaumbika, yaani katika miaka minane hivi ya mwanzo, huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyofutika kwa mswaki. Kiwango kikiwa kikubwa zaidi kwa miaka mingi, mifupa na viungo huathirika.

Floraidi haina rangi, harufu wala ladha ya kumtahadharisha mnywaji, na visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana sana. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke, kiwango chake huongezeka. Kwa hiyo anachohitaji mzazi ni jibu la swali moja: kisima kipi cha kijiji chetu kinafaa kwa mtoto mdogo? Jibu hilo hupatikana maabara, na likishapatikana linastahili ukurasa wa wiki wenye jina la kisima, tarehe ya kipimo, kiwango kilichoonekana na ofisi iliyopima. Kipimo kipya kikija, ukurasa husahihishwa siku hiyo hiyo, jambo ambalo kipeperushi kilichokwisha kuchapwa hakiwezi.

Mfano wa pili: jina la ugonjwa

Mzazi ambaye mtoto wake anakakamaa na kutupa mikono husema mtoto ana degedege. Daktari huandika malaria kali, homa ya uti wa mgongo au sukari iliyoshuka. Baadhi ya familia huamini degedege si ugonjwa wa hospitali, na saa za kuokoa maisha hupotea. Katika wiki, anayetafuta neno degedege anaweza kupelekwa moja kwa moja kwenye ukurasa wa dalili za hatari kwa mtoto: mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, mpeleke kituo cha huduma mara moja. Majina yanayotumiwa na Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo na wengine wa mkoa huu yanaweza kuongezwa kwa njia hiyo hiyo, na wenye kuyajua ni wanakijiji, si madaktari.

Hatari ya kosa dogo

Maji ya chumvi na sukari ya nyumbani, pale ambapo pakiti za ORS hazipatikani, hutengenezwa kwa lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kupimwa sawasawa. Mwandishi akigeuza vipimo hivyo viwili, mtoto anayeharisha atanyweshwa kitu kinachokaribia chumvi ya bahari. Hivyo si kila ukurasa ufunguliwe kwa kila mtu. Kurasa za vipimo na dawa zifungwe, zihaririwe tu na wataalamu walioidhinishwa na kufuata miongozo ya Wizara ya Afya. Kurasa za ratiba, visima, usafiri na majina ya magonjwa ziwe wazi kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu na watendaji wa vijiji.

Aidha, wiki isichukue nafasi ya MTUHA. Takwimu za MTUHA hupanda kutoka zahanati hadi wilaya, mkoa na Wizara. Taarifa za wiki hubaki palepale zinapotumika. Habari za mgonjwa yeyote zisiingizwe kamwe, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hata namba ya dereva iwekwe kwa ridhaa yake.

Mtandao na utunzaji

Pasipo na mtandao wa kutegemewa, programu ya Kiwix huwezesha nakala ya wiki nzima kusomwa katika simu au kompyuta bila intaneti. Zahanati inaweza kupokea nakala mpya kila mwezi wakati wa usimamizi shirikishi, na kurudisha masahihisho yaliyoandikwa katika daftari.

Ugumu mkubwa zaidi ni utunzaji. Katika miaka ya 2009 na 2010 Google iliandaa shindano la wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili. Makala nyingi zilipatikana, lakini zawadi zilipokwisha wengi wa washiriki hawakuendelea. Ukurasa usiotunzwa unaotaja kliniki iliyokwisha kuhamishwa humtembeza mjamzito kilomita nyingi bure.

Kwa sababu hiyo, halmashauri inayotaka kuanza na ianze na kata moja na kurasa zisizozidi ishirini, kila ukurasa ukiwa na mtu mmoja mwenye wajibu wa kuukagua na tarehe ya ukaguzi ikionekana juu yake. Ukurasa uliopitisha miezi mitatu bila kukaguliwa uondolewe mpaka utakapothibitishwa. Baada ya mwaka mmoja, kata hiyo itakuwa na jambo la kuifundisha kata jirani.