Elimu ya Ardhi na Hukumu ya Madini

Tunaanza na suala linalowagusa Waislamu wachimbaji: je, vito vinavyotoka ardhini vina zaka? Faqihi hawezi kujibu mpaka ajue kilichochimbwa ni kitu gani, na hapo ndipo inapoingia elimu ya ardhi, yaani jiolojia.

Matawi yake ni mengi. Lipo linalochunguza madini, ugumu na uzito wake. Lipo la miamba, la matabaka ya ardhi, la visukuku vya viumbe wa kale, la matetemeko na volkano, na la maji yaliyo chini ya ardhi.

Wanazuoni wetu hawakuwa wageni wa mambo haya. Al-Biruni aliona kwamba jangwa la Arabuni lilikuwa bahari zamani, kwa dalili ya makombe yanayopatikana visima vinapochimbwa. Naye Ibn Sina (aliyefariki 1037), katika Kitab al-Shifa, aliyagawa madini mafungu manne: mawe, yanayoyeyuka, ya jamii ya kiberiti, na chumvi.

Sifa hiyo ya kuyeyuka ndiyo waliyoitazama Mahanafi. Dhahabu, shaba na chuma, vinavyoyeyuka na kufuliwa, hutolewa khumsi, yaani moja ya tano. Yakuti haina kitu. Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, wamewajibisha dhahabu na fedha tu: asilimia 2.5, nisabu ikitimia (takriban gramu 85 za dhahabu), bila kungoja mwaka. Mahanbali wameingiza kila madini yenye thamani, kwa asilimia hiyo hiyo.

Basi tuitazame tanzanite ya Mirerani, iliyogunduliwa 1967. Nyingi hutoka ardhini ikiwa na rangi ya kahawia, kisha huchomwa ili iwe buluu. Mtu asije akadhani kuchomwa huko kunaiingiza katika vinavyoyeyuka! Moto hubadili rangi tu; jiwe hubaki jiwe, wala halifuliki kama chuma. Kwa hiyo mchimbaji wa Kishafii au Kihanafi hadaiwi zaka ya madini kwa jiwe hilo, ilhali wa Kihanbali anadaiwa.

Ama dalali anayenunua ili auze, asijifiche nyuma ya hukumu hii. Mawe yake ni mali ya biashara kwa rai ya jamhuri ya wanazuoni, na mwaka ukitimia atayathamini na kuyatolea zaka pamoja na fedha aliyo nayo.