Salim Ahmed Salim: Balozi wa Dunia Aliyeulizwa Kwao ni Wapi

Mtu wa Pwani akipanga chumba Baba Dogo, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, hazipiti siku nyingi ila jirani atamwuliza: “Kwenu ni wapi?” Akijibu Lamu au Mombasa, ataongezewa la pili: “Lakini asili yako hasa?” Aghalabu anayeuliza hana nia mbaya. Mtaa ule una watu waliofuata kazi za viwandani kutoka kila pembe ya Kenya, na kila mmoja ana kijiji cha kukitaja. Lakini Mswahili ambaye babu yake mmoja alishuka jahazini na bibi yake akazaliwa Pate, hana jibu la neno moja.

Kwa jirani swali hilo huishia kwenye maongezi. Likiingia katika siasa, laweza kumfungia mtu mlango. Mfano wake tunao katika maisha ya Salim Ahmed Salim, mwana wa Zanzibar ambaye huenda hapana Mswahili mwingine aliyepanda juu kama yeye katika kazi ya ubalozi.

Salim alizaliwa Januari 23, 1942, katika ukoo wa Riyami wenye asili ya Oman. Akiwa kijana alijitosa katika harakati za kudai uhuru. Mwaka 1961 alipelekwa Havana, Cuba, kuwa naibu wa mkuu wa ofisi ya Zanzibar huko. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na Muungano wa Aprili mwaka ule ule, alitumwa Misri akiwa balozi, na umri wake miaka 22 tu. Vijana wengi wa umri huo walikuwa bado wanatafuta kazi ya kwanza. Yeye alikuwa akiingia katika kasri za Cairo kwa niaba ya taifa. Kutoka huko alihamishiwa India, kisha China, na mwaka 1970 akapelekwa New York, kwenye Umoja wa Mataifa.

Hapo ndipo jina lake lilipotangaa. Kuanzia mwaka 1972 aliongoza Kamati ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia nchi zilizokuwa bado chini ya ukoloni, wakati Msumbiji, Angola, Zimbabwe na Namibia zilipokuwa zikipigania uhuru wao. Mwaka 1979 alichaguliwa Rais wa Baraza Kuu. Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na usiku wa Oktoba 25, 1971. Usiku ule Baraza Kuu liliamua, kwa kura 76 dhidi ya 35, kwamba kiti cha China ni haki ya serikali ya Peking. Marekani ilikuwa imepigana kufa na kupona kulizuia jambo hilo. Matokeo yaliposomwa, wajumbe wa Tanzania waliinuka kwa shangwe, na habari zikaenea kuwa balozi wao kijana alicheza ngoma ukumbini. Balozi wa Marekani aliyeshindwa usiku ule aliitwa George Bush.

Deni hilo lilidaiwa baada ya miaka 10. Mwaka 1981 Salim, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Tanzania, aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Kurt Waldheim wa Austria, aliyetaka kipindi cha tatu. Katika duru ya kwanza Salim alipata kura 11 katika Baraza la Usalama lenye wajumbe 15, naye Waldheim 10. Kura tisa zingetosha kushinda. Lakini Marekani ilimzuia Salim kwa kura ya turufu, na China ikamzuia Waldheim. Duru zilirudiwa hata zikafika 16, mambo yakabaki pale pale. Bush naye wakati huo alikuwa Makamu wa Rais wa nchi yake. Mwisho Mwafrika mwenzake, Olara Otunnu wa Uganda, aliyekuwa akiongoza Baraza mwezi wa Desemba, aliwaomba wote wawili wakae kando. Kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Salim alirudi kazini. Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipofariki katika ajali ya gari, Mwalimu Nyerere alimteua Salim kushika nafasi yake. Toka mwaka 1989 hadi 2001 alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Addis Ababa, miaka 12 mfululizo. Katika miaka hiyo aliiona Afrika Kusini ikiwa huru. Aliyaona pia mauaji ya Rwanda ya 1994, ambayo umoja ule haukuweza kuyazuia ijapokuwa mwaka mmoja nyuma ulikuwa umeunda chombo cha kusuluhisha migogoro.

Sasa msomaji autazame mwaka 2005. Salim aliomba Chama cha Mapinduzi kimsimamishe kugombea urais wa Tanzania. Maneno yakaanza kupita chini kwa chini: kwamba yeye ni Mwarabu, kwamba ni Hizbu, na hata kwamba alikuwa na mkono katika kuuawa kwa Mzee Karume. Karume aliuawa Aprili 1972. Wakati huo Salim alikuwa balozi New York, akiitetea Afrika mbele ya mataifa. Lakini uvumi haungoji ushahidi. Katika mkutano wa Dodoma alipata kura 476, na Jakaya Kikwete 1,072. Hapana awezaye kusema kwa hakika ni kura ngapi ziliondolewa na maneno hayo; Kikwete naye alikuwa na wafuasi wengi. Linalojulikana ni kwamba maneno yale yalisemwa, na waliokuwa na sauti ya kuyakanusha hawakuwa wepesi wa kufanya hivyo.

Ajabu yake ndiyo hii: New York alizuiliwa kwa kuwa alishikamana mno na wanyonge wa Afrika na Asia. Nyumbani akaambiwa Uafrika wake una kasoro. Marekani angalau ilihesabu matendo yake. Waliomsengenya nyumbani waliyaacha matendo, wakahesabu mababu.

Salim hakususa. Tangu 2004 hadi 2008 alikuwa mjumbe wa Umoja wa Afrika katika mazungumzo ya Darfur, akikaa na watu waliokuwa wakiuana kwa sababu ya swali hilo hilo: nani Mwarabu, nani Mwafrika.

Wazee wetu wa baharini husema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Salim alikwenda tezi na omo ya dunia, na kila safari alirejea kwao. Kama miaka 40 ya kuitumikia Afrika haikutosha kuwa jibu la “kwenu ni wapi”, basi kosa halimo katika jibu. Limo katika swali, na sisi watu wa Pwani tunaoulizwa kila siku tujichunge tusije tukawauliza wenzetu.