Mbwa Atalala Wapi? Gharama za Kutunziwa Mbwa Familia Inapozuru Bustani za Burudani

Kila likizo za shule zinapokaribia, ofisi yetu hupokea swali lile lile. Familia imekwisha kulipia tiketi za bustani ya burudani huko Orlando, Florida. Hoteli imepatikana, ruhusa ya kazini imetolewa, na ndipo mtoto mmoja anauliza mbwa atabaki na nani. Wengi wa wasomaji wa kijitabu hiki walikulia mahali ambapo swali hilo halikuwa na bei. Mbwa alilinda ua, na mwenye nyumba akisafiri jirani aliombwa amwekee chakula na maji. Hapa Marekani jirani huenda naye yuko safarini, na mbwa mwenyewe analala ndani na kutembezwa kwa kamba. Kumtunza kwa siku tano ni huduma inayouzwa, yenye mkataba, masharti na ada ambazo hazionekani zote kwenye tangazo. Makala haya yanaeleza jinsi ada hizo zinavyohesabiwa na mambo ya kuuliza kabla ya kutoa amana.

Tuanze na lisilowezekana. Bustani kubwa za burudani haziruhusu mbwa wa nyumbani kupita langoni. Mbwa wa huduma tu ndiye anayeruhusiwa, yaani mbwa aliyefunzwa kufanya kazi mahususi kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu, kama kumwongoza asiyeona au kumtahadharisha mwenye kifafa. Haki hiyo inatokana na sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990. Mfanyakazi wa bustani anaweza kuuliza mambo mawili pekee: iwapo mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kufanya kazi gani. Hawezi kudai cheti. Kwa sababu hiyo, tovuti zinazouza vyeti, vitambulisho na vizibao vya “kusajili mbwa wa huduma” zinauza karatasi isiyo na nguvu yoyote kisheria, kwa kuwa Wizara ya Sheria ya Marekani haizitambui. Mbwa anayempa mwenyewe faraja kwa kuwa karibu naye tu, bila kufunzwa kazi, hahesabiwi kuwa mbwa wa huduma, hata kama cheti kina muhuri wa dhahabu. Tumeona watu wakilipa fedha nyingi kwa karatasi hizo, kisha wakarudishwa langoni mbele ya watoto wao.

Wala gari si mahali pa kumwacha mbwa. Nje kukiwa na joto la nyuzi 27 za Selsiasi, ambalo kwa Florida ni asubuhi ya kawaida, ndani ya gari lililofungwa joto hufika nyuzi 37 kwa dakika 10 na nyuzi 43 kwa dakika 20. Kuacha dirisha wazi kidogo hakubadilishi hali hiyo kwa kiasi cha maana. Tangu mwaka 2016 sheria ya Florida inamkinga mtu anayevunja kioo cha gari kumwokoa mnyama aliye hatarini, ilimradi awe amehakikisha kwamba milango imefungwa na ametoa taarifa kwa polisi au huduma za dharura. Mwenye gari hatalipwa kioo hicho, na huenda akashtakiwa kwa ukatili.

Njia zinazobaki ni nne: kumwacha mbwa kituoni karibu na nyumbani, kumwacha katika kituo kilicho karibu na bustani, kulala naye katika hoteli inayopokea mbwa, au kumwajiri mtu amtunze. Ipo pia huduma ya kutwa inayotolewa na baadhi ya bustani zenyewe. Katika bustani za Universal za Orlando, kwa mfano, lipo banda la mchana, lakini mbwa hawezi kulala hapo, na mwenyewe ndiye anayetakiwa kutoka bustanini kwenda kumtembeza. Anayekwenda kwa siku moja banda hilo litamfaa. Anayekaa juma zima bado hajapata jibu la swali la mtoto wake.

Walt Disney World ilikuwa na mabanda madogo karibu na milango ya bustani zake hadi mwaka 2010, yalipofungwa na nafasi yake kuchukuliwa na kituo kimoja kikubwa kinachoendeshwa na kampuni ya Best Friends Pet Care ndani ya eneo hilo. Kituo kina huduma ya kutwa na ya kulala. Lakini eneo la Disney lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 100, na neno “karibu na bustani” halina maana moja huko. Kumpeleka mbwa asubuhi ni safari ya peke yake kabla ya safari ya bustanini, na asiye na gari lake atalipa teksi mara mbili kwa siku. Gharama hiyo haimo katika tangazo lolote, na haiwezi kuwamo. Ni lazima familia iihesabu yenyewe.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa maana hapa ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa. Vituo hutoza kwa njia mbili. Vingine hutoza kwa usiku, kama hoteli, vikiweka saa ya mwisho ya kumchukua mbwa. Vingine hutoza kwa siku ya kalenda, ambapo siku ya kumleta na siku ya kumchukua zote huhesabiwa, hata kama mbwa ameletwa saa moja kabla ya kufunga. Tuchukue mfano wa kubuni. Familia inamleta mbwa Jumatatu asubuhi na kumchukua Ijumaa jioni. Mbwa anapewa kidonge kimoja kila siku. Kituo cha kwanza kinatoza dola 48 kwa usiku, matembezi na dawa vikiwa ndani ya bei, na anayechelewa kupita saa sita mchana siku ya mwisho huongezewa dola 25. Kituo cha pili kinatangaza dola 38 tu kwa siku. Matembezi ni dola 10 kila siku, na kumpa dawa ni dola 5 kila siku.

Kwenye tangazo, kituo cha pili ni nafuu kwa dola 10. Kwenye risiti, kituo cha kwanza kinadai masiku manne, yaani dola 192, na 25 za kuchelewa: jumla dola 217. Kituo cha pili kinadai siku tano, dola 190, pamoja na dola 50 za matembezi na 25 za dawa: jumla dola 265. Aliyekimbilia bei ndogo amelipa dola 48 zaidi. Hakuna aliyedanganywa hapo kisheria, kwa kuwa kila ada iliandikwa mahali fulani. Ndiyo sababu tunasisitiza kwamba mtumiaji asiulize “mnatoza kiasi gani kwa siku?” bali aseme: “Ninamleta mbwa mmoja siku hii saa hii, ninamchukua siku ile saa ile, anakunywa dawa hii, niandikieni jumla.” Kituo kinachokataa kuandika jumla kimekwisha kujibu.

Yapo maswali mengine ya bei yanayosahauliwa. Je, kuna nyongeza ya sikukuu, na sikukuu hizo ni zipi? Siku za Krismasi, Shukrani na likizo ya majira ya kuchipua ndizo ambazo familia nyingi husafiri, na ndizo ambazo vituo hupandisha bei na kudai amana isiyorudishwa. Je, mbwa wawili wa nyumba moja wakilala chumba kimoja hupunguziwa? Je, chakula chake akiletewa kutoka nyumbani kuna ada ya kukiandaa? Na je, kituo kinafungwa saa ngapi? Familia moja iliyotuandikia ilitoka bustanini baada ya fataki, saa nne na nusu usiku, ikakuta kituo kimefungwa tangu saa mbili. Ilimlipia mbwa usiku ambao haikuukusudia, na asubuhi yake ikachelewa kuanza safari ya kilomita zaidi ya 1,300 kurudi Kentucky. Mkataba ulikuwa wazi. Haukuwa umesomwa.

Kwa hoteli hesabu ni tofauti. Mnamo Oktoba 2017 Walt Disney World ilianza kupokea mbwa katika baadhi ya hoteli zake, wasiozidi wawili kwa chumba, na ada za mwanzo zilikuwa dola 50 kwa usiku katika hoteli kadhaa na dola 75 katika Yacht Club. Ada kama hizo hubadilika, na bei ya siku ya safari ithibitishwe kwa maandishi. Linalofaa kuzingatiwa ni kwamba ada hiyo ilitozwa kwa chumba, si kwa mbwa. Kwa mbwa mmoja, masiku manne ya dola 50 ni dola 200, kiasi kinachokaribiana na kituo cha kwanza katika mfano wetu. Kwa mbwa wawili, hoteli inabaki dola 200 ilhali kituo, bila punguzo, kinafika dola 434. Hata hivyo hoteli haimtunzi mbwa. Humtaka mwenyewe aache namba ya simu na aweze kurudi mbwa akibweka mfululizo, na mbwa aliyezoea nyumba yenye watu kwa kawaida hubweka. Familia inayokusudia kukaa bustanini tangu kufunguliwa hadi kufungwa itajikuta ama ikikatisha matembezi, ama ikilipa hoteli na kituo cha kutwa kwa pamoja.

Wasomaji wengi hudhani kuwa ada ya mbwa inapaswa kuonekana katika bei ya kwanza ya hoteli, hasa tangu kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho kuhusu ada zilizofichwa ilipoanza kutumika tarehe 12 Mei 2025. Kanuni hiyo inazihusu nyumba za kulala wageni na tiketi za maonyesho, nayo inadai kwamba jumla inayotangazwa ibebe ada zote za lazima. Lakini ada ya mbwa si ya lazima kwa kila mgeni, hivyo inaweza kubaki nje ya jumla hiyo. Vituo vya kutunzia mbwa havimo kabisa katika kanuni hiyo.

Jambo la chanjo ni la wakati zaidi kuliko la fedha. Vituo karibu vyote hudai uthibitisho wa chanjo ya kichaa cha mbwa, ya distempa na pavo, na ya kikohozi cha mabandani. Vingine huongeza mafua ya mbwa, hasa baada ya mlipuko uliofika Florida mwaka 2017. Chanjo ya mafua ni ya dozi mbili zinazopishana majuma mawili hadi manne. Anayekwenda kwa daktari wa wanyama juma moja kabla ya safari amekwisha kuchelewa, na amana yake huenda isirudi. Miadi ifanywe miezi miwili kabla. Wasomaji wetu wanaotokea Canada wakumbuke pia kwamba tangu tarehe 1 Agosti 2024 mbwa anayeingia Marekani sharti awe na umri wa miezi 6 au zaidi, awe na kitambulisho cha kielektroniki chini ya ngozi, na fomu yake ijazwe kabla ya kufika mpakani. Masharti ni mazito zaidi kwa mbwa aliyekuwa katika nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa katika miezi sita iliyotangulia, zikiwamo Kenya na Tanzania.

Kabla ya kutia saini, tunashauri vifungu vitatu visomwe polepole. Cha kwanza ni kile kinachoruhusu kituo kumpeleka mbwa kwa daktari kwa gharama ya mwenyewe. Kiandikwe kiwango cha juu cha fedha na namba ya simu ya mtu wa pili, kwa sababu simu ya baba mwenye nyumba huenda imefungiwa kabatini wakati yeye yuko juu ya reli inayopinduka. Cha pili ni kikomo cha fidia. Kisheria mbwa huhesabiwa kuwa mali, na mikataba mingi huweka fidia isiyozidi bei ya kumnunua. Familia iliyomchukua mbwa bure kutoka makao ya wanyama ijue maana ya kifungu hicho kabla mbwa hajatoroka, si baada yake. Cha tatu ni kuchelewa kumchukua. Florida, mbwa asipochukuliwa kwa zaidi ya siku 10 baada ya mwenyewe kupewa notisi ya maandishi, kituo kinaweza kumkabidhi kwa makao ya wanyama. Safari ikivurugwa na ugonjwa au kimbunga, barua pepe itumwe siku hiyo hiyo na jibu lihifadhiwe.

Mtu asidhani kwamba kila kituo kina leseni. Sheria ya shirikisho ya ustawi wa wanyama ya mwaka 1966 haivisimamii vituo vinavyowatunza mbwa wa watu kwa muda. Majimbo kama Colorado na Georgia yana leseni zake, na kwingineko jambo hilo limeachiwa kaunti au halina msimamizi. Kituo kitembelewe, au ndugu aliye karibu aombwe kukitazama: nani hulala hapo usiku, mbwa wangapi huchanganywa uwanjani, na maji yakoje.

Ikitokea tozo isiyokubaliwa, mlalamikaji aanze na kituo chenyewe kwa maandishi. Aliyelipa kwa kadi ya mkopo anaweza kuipinga tozo kwa kuiandikia benki yake ndani ya siku 60 tangu taarifa ya kadi yenye tozo hiyo ilipotumwa. Muda huo haungoji majibu ya kituo. Malalamiko dhidi ya kituo kilichoko Florida hupokelewa na Idara ya Kilimo na Huduma kwa Watumiaji ya jimbo hilo, hata kama mlalamikaji anaishi jimbo jingine. Viambatishwe mkataba, jumla iliyoandikwa awali, risiti, na picha za mbwa za siku ya kumleta na siku ya kumchukua.