Brufen Kabla ya Mbio: Figo Ndizo Zinazolipa

Tarehe 24 Machi 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Mombasa, katika uwanja wa gofu ulio karibu na kivuko cha Likoni. Jua kali na unyevu wa hewa viliwatoa mbioni wanariadha kadhaa, akiwemo Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa wa miaka 5 mfululizo. Ushindi ukamwendea Zersenay Tadese wa Eritrea. Hali iliyomshinda Bekele ndiyo wanayofanyia mazoezi vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe kila msimu wa kaskazi. Anayemeza dawa ya maumivu kabla ya kukimbia katika joto hilo anajiongezea hatari juu ya hatari.

Mtu anapokimbia muda mrefu, damu nyingi huelekezwa kwenye misuli na ngozi, na figo hupata kidogo. Jasho nalo hupunguza maji mwilini. Pwani, hewa ikiwa imejaa unyevu, jasho hudondoka badala ya kukauka, kwa hiyo mwili unapoteza maji bila kupoa vizuri. Hapo figo hujitetea kwa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huiacha wazi mishipa midogo inayoingiza damu ndani yake. Ibuprofeni (ndiyo Brufen), diklofenaki na aspirini hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali hizohizo. Kumeza kidonge wakati huo ni kufunga mfereji wa tangi ambalo tayari linakauka. Tumbo pia huathirika, kwa kuwa prostaglandini ndizo zinazolinda ukuta wake dhidi ya asidi.

Ushahidi upo. Katika Marathoni ya Bonn, Ujerumani, mwaka 2010, karibu nusu ya wakimbiaji waliohojiwa walikuwa wamemeza dawa kabla ya kuanza. Kati yao, 9 walilazwa hospitalini: 3 figo zilifeli baada ya ibuprofeni, 4 walivuja damu tumboni na 2 walipata mshtuko wa moyo baada ya aspirini. Miongoni mwa ambao hawakumeza, hakuna aliyelazwa. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2017, uliwafuata wakimbiaji 89 katika mbio za kilomita 80. Figo zilionyesha dalili za kuumia kwa asilimia 52 ya waliopewa ibuprofeni ya miligramu 400 kila saa 4, na asilimia 34 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Faida nayo haionekani. Katika mbio za Western States za maili 100 kule Marekani, waliotumia ibuprofeni hawakuumwa misuli kidogo kuliko wenzao. Na anayekimbilia tramadoli, dawa nyingine ya maumivu, akumbuke kwamba tangu tarehe 1 Januari 2024 imepigwa marufuku siku ya mashindano.

Goti likiuma kabla ya mbio, pumzika au muone daktari. Kidonge kinaficha jeraha, hakiliponyi. Baada ya mbio, kunywa, kula na usubiri mpaka ukojoe vizuri kabla ya kufikiria dawa hizi. Ukiona mkojo wa kahawia iliyokolea, au ukikaa saa nyingi bila kukojoa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Nanyi makocha wa Likoni, Kisauni na Changamwe, waambieni vijana wenu waziwazi: kabla ya mbio na wakati wa mbio, Brufen ibaki dukani.